Kalamu Mpe Mtoto, Wewe Shika Daftari

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi wa Kidato cha Sita hapa Busia, upande wa Uganda. Nimeyaandika baadaye kwa sababu wengi walikwamishwa na foleni ya malori wakafika nikiwa namalizia.

Mwenyekiti wa chama cha wazazi na walimu, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: hamjambo.

Nimeombwa niseme Kiswahili, nami nimefurahi. Ukumbini humu kuna Wasamia, Wateso, Waganda, Wanubi wawili watatu ninaowaona pale dirishani, na wenzetu ambao nyumba ziko ng'ambo na maduka yako huku. Nikisema Kiingereza, nusu yenu mtanyamaza kwa adabu kisha mtapiga makofi. Leo makofi siyataki. Nataka maswali, hasa ya pesa.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na kwa muda mrefu nilikuwa mwalimu wa kuwashauri wanafunzi wa S6, yaani Kidato cha Sita, kuhusu kozi. Watoto wa watu nimewasaidia mpaka nimesahau idadi. Wa kwangu nikamharibia.

Ilikuwa 2009. Siku hizo fomu ilikuwa ya karatasi, ya ile bodi ya pamoja ya vyuo vikuu vya umma tuliyoiita PUJAB, na ilijazwa kabla ya mtihani, mtoto hajui hata atapata nini. Binti yangu wa kwanza alikuwa anasoma BCM, yaani bayolojia, kemia na hesabu. Aliileta fomu nyumbani Ijumaa jioni, imo ndani ya bahasha ya kaki. Umeme ulikuwa umekatika, tukaweka taa ya chemli katikati ya meza. Nikavaa miwani, nikachukua kalamu. Mimi, siyo yeye. Chaguo la kwanza nikaandika udaktari. La pili ufamasia. La tatu udaktari wa meno. Nafasi zilikuwa sita, na zote nikazijaza mambo ya hospitali, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Akaniuliza taratibu, "Baba, na hesabu je?" Nikamjibu, "Ukisoma hesabu utaishia kufundisha."

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyesema hivyo. Mama yake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliniangalia, akaendelea kuchambua.

Matokeo yakatoka: hesabu B, bayolojia C, kemia E. Nyinyi mnaojua mambo haya mmeshaanza kutikisa vichwa. Kwa kemia ya E, udaktari na ufamasia wa serikali hata kuuota ni kazi. Katika chaguo zote sita hakukuwa na hata moja ambayo ile B ya hesabu ingetangulia mbele. Serikali haikumchukua.

Hilo ni kosa la kwanza, na wengi wenu mngenisamehe. La pili ndilo linaloniuma. Nilimwambia, "Usijali, utaingia kwa kujilipia." Nilisema hivyo Machi, na Machi hiyohiyo nilijua sina pesa, kwa sababu nilikuwa na mkopo wa SACCO niliojengea nyumba. Nikawa nangoja muujiza. Agosti ikafika, barua ya kupokelewa iko mkononi, sanduku la bati limenunuliwa na jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, ndipo nikamwita chini ya mwembe nikamwambia. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Tangu Machi ulikuwa unajua?"

Alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza kadi za simu kwenye kibanda cha shangazi yake. Mwaka uliofuata akaingia kusoma takwimu, kwa fomu aliyoijaza mwenyewe. Siku hizi ndiye anayenipigia hesabu za pensheni yangu, na akinikuta nimekosea hanicheki, ingawa angekuwa na haki.

Kwa hiyo neno nililokuja nalo ni moja. Kalamu mpe mtoto. Wewe shika daftari la hesabu. Kuchagua kozi ni kazi yake, kwa maana ndiye atakayeamka saa kumi na moja asubuhi kuisoma. Yako ni kumwambia ukweli wa mfuko wako mapema, na kuketi naye karatasi zisomwe zote hadi mstari wa mwisho.

Tuanze na mfuko, maana ndiko tunakodanganyana. Mzazi akiuliza bei ya chuo anauliza ada ya masomo peke yake. Ni sawa na mtu anayenunua lori kwa kuuliza bei ya injini. Nimeandika ubaoni mfano. Takwimu ni za kubuni, msije mkazipeleka chuoni kugombana na mhasibu. Tuseme ada ni shilingi za Uganda 1,500,000 kwa muhula. Kuna zile ada nyingine za usajili, maktaba, kompyuta, matibabu, wanazoziita fanksheno, tuseme 400,000. Kitanda hosteli 700,000. Chakula, mtoto ajibane kwa 7,000 kwa siku, na muhula una wiki 17 hivi, hiyo ni 833,000. Nauli na fotokopi tuweke 100,000. Jumla 3,533,000. Mmeona? Ile ada uliyoitafuta kwa jasho haikufika hata nusu ya mzigo. Sasa zidisha kwa mihula minane kama kozi ni ya miaka minne: milioni 28 na laki mbili na ushee.

Msihamaki. Hesabu hii ndiyo ya kumwonyesha mtoto, na hapo hapo aone una nini. Una kibanda cha kubadilisha pesa kinachoingiza kiasi gani kwa mwezi mbaya, siyo mwezi mzuri? Una ng'ombe wawili? Nani nyuma yake anaingia S1 mwakani? Mtoto wa miaka kumi na minane aliyekulia Busia anajua biashara kukushinda. Ameona bei ya mahindi ikipanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni. Ukimwambia "nina milioni nane kwa mwaka, zaidi ya hapo sina," atakuja na mpango. Ukimwambia "Mungu atafungua njia," atachagua kozi ya miaka mitano.

Na urefu wa kozi ni pesa. Sanaa nyingi ni miaka mitatu. Uhandisi na sheria ni minne, na wa sheria akitaka kuwa wakili kuna kozi nyingine inamsubiri kule LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, Kampala, nayo inalipiwa. Udaktari ni mitano, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini. Sisemi msisome udaktari. Nasema mwaka wa nne ndio ninaowakuta wazazi wakiuza kiwanja.

Sasa niingie kwenye hesabu yangu niipendayo, na wale wanaosinzia waamke, kwa maana hapa ndipo watoto wetu wanapoachwa na wenzao wa shule kubwa za Kampala na Wakiso, ambako mwalimu anawafundisha jambo hili tangu S5.

Kwenye matokeo ya S6, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1, F hapana kitu. Masomo makubwa ni matatu, unaongeza Jenero Pepa, ile karatasi ya maarifa ya jumla, na ile sabsidiari, yaani somo dogo, ya kompyuta au ya hesabu, zenye pointi mojamoja. Ukomo wake ni 20. Basi mzazi akiambiwa mtoto ana 14 anatembea nayo sokoni: kumi na nne, kumi na nne. Chuo hakitazami hiyo 14 yako. Vyuo vya umma vinaipima upya kulingana na kozi. Masomo ya lazima kwa kozi ile yanazidishwa kwa 3. Yanayohusiana nayo yanazidishwa kwa 2. Yanayofaa tu yanahesabiwa mara 1, na yaliyobaki nusu.

Tuchukue vijana wawili wa PCM, fizikia, kemia na hesabu. Wote wana 14. Wa kwanza ana hesabu B, fizikia C, kemia D. Wa pili ana kemia B, hesabu C, fizikia D. Wote wanataka uhandisi, na kwa kozi nyingi za uhandisi hesabu na fizikia ndizo za lazima. Wa kwanza: 5 mara 3 ni 15, 4 mara 3 ni 12, hapo 27. Kemia yake 3 mara 2 ni 6. Weka zile mbili ndogo. Ana 35. Wa pili: hesabu 4 mara 3 ni 12, fizikia 3 mara 3 ni 9, hapo 21. Kemia 5 mara 2 ni 10. Weka mbili. Ana 33.

Pointi mbili. Orodha za mahali pa kukata, yaani pointi za chini za kupokelewa, huandikwa kwa nukta, 35.2, 35.4, na katikati ya hizo nukta kuna watoto wa watu wamepangana kama malori pale forodhani. Pointi mbili ni safari ndefu.

Lakini ngojeni. Huyu wa pili akiiacha ile kozi akatazama nyingine inayotanguliza kemia na hesabu, mambo yanageuka: 15 na 12, halafu fizikia 6, na zile mbili. Ana 35 naye. Hajasoma zaidi na wala hajarudia mtihani. Amebadilisha mstari mmoja kwenye fomu.

Kuna vijongeza vidogo pia. Matokeo ya S4 yanachangia. Katika mfumo wa gredi tuliouzoea, distinksheni ilileta 0.3, kredi 0.2, pasi 0.1. Na tangu 1990 Makerere imekuwa ikiwaongezea wasichana 1.5. Wapo wazee wanaolalamikia hiyo moja na nusu. Mimi niliyeona ni wasichana wangapi walibaki nyumbani siku ya soko ili kaka zao waende darasani, sina la kulalamika.

Kwa hiyo, mtoto akikwambia "nataka kozi fulani," swali la kwanza la mzazi ni hili: masomo ya lazima ya kozi hiyo ni yapi, na mwaka jana walikata wapi? Asipojua, hajachagua bado. Amesikia jina zuri tu. Na akikwambia ni sheria Makerere, muulize kuhusu mtihani wa kuingilia. Mtihani huo una maombi yake ya pekee, una ada yake na tarehe yake. Kila mwaka yuko mtoto mwenye matokeo ya kung'aa anayegundua kwamba mtihani ulishafanyika.

Serikali nitaipitia haraka. Inalipia wanafunzi kama 4,000 kwa mwaka katika nchi nzima, na watahiniwa wa S6 siku hizi wanapita laki moja. Wengi wa hao 4,000 huingia kwa ushindani wa kitaifa, ambao ni wa waliofanya mtihani mwaka uleule. Zipo nafasi za wilaya, zilizoanza 2005, na zipo chache za wenye ulemavu na za wanamichezo. Hizi za wilaya ziulizieni. Wilaya yetu ina haki yake, na nimeona zikienda kwa watoto ambao Busia wanaijua kwa kupita na basi.

Na kuna mkopo. Bodi ya kufadhili wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya 2014. Inakopesha zaidi kozi za sayansi na teknolojia, digrii na hata diploma. Inalipa ada ya masomo, fanksheno na utafiti. Chakula na hosteli hailipi. Tena mtoto awe ameshapokelewa chuoni ndipo aombe. Kurejesha kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mtoto wangu asianze maisha na deni." Nikamuuliza ile pikipiki ya boda aliyomnunulia kaka yake aliilipa taslimu? Akacheka. Nami siwezi kukaa Busia, mji ulioipa dunia neno bodaboda, nikasikia watu wanaogopa mkopo wa shule huku wakikopa pikipiki.

Sasa maombi yenyewe. Siku hizi ni kwenye intaneti. Mtoto anafungua akaunti kwenye mfumo wa chuo, anajaza, mfumo unampa namba ya malipo, analipia benki au kwa pesa za simu, kisha anarudi kuhakikisha malipo yameonekana. Nasisitiza hilo la mwisho. Kulipa na kuonekana umelipa ni mambo mawili.

Jirani yangu ana mtoto aliyeombewa chuo katika kafe moja ya intaneti mjini. Kafe hiyo siitaji, na hata haipo tena. Kijana wa pale alikuwa mwepesi, anaombea watu kumi kwa saa. Siri ya wepesi wake tulikuja kuijua baadaye: kila mteja alimwekea imeili na namba ya simu ya huyo kijana mwenyewe, ili asisumbuke kufungua mpya. Mtoto akapokelewa. Ujumbe ukaenda kwa kijana wa kafe. Kijana naye alikuwa amehamia mji mwingine na laini amebadilisha. Jirani akawa ananiuliza kila Jumapili baada ya ibada, "Mwalimu, hawa watu mbona hawajibu?" Nilipokwenda naye chuoni kuulizia, masomo yalikuwa yameingia wiki ya sita na nafasi imepita. Yule mama wa dirishani alitugeuzia skrini tuone. Jina la mtoto lilikuwepo, na mbele yake imeili ya mtu tusiyemjua.

Kwa hiyo mtoto awe na imeili yake, yenye jina lake, siyo ile ya "mtamu wa Busia" aliyofungua akiwa S2. Paswedi aiandike kwenye daftari lenu, lile lile la hesabu. Namba ya simu iwe ambayo haitauzwa. Karatasi ya maombi ichapishwe, risiti ibanwe nayo. Kafe nendeni, sina ugomvi na kafe, ila mtoto akae kwenye kiti na mwenye kafe asimame nyuma yake.

Na majina. Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Huku mtoto ni Ojambo, ng'ambo ni Ojiambo. Cheti cha S4 kina Ojiambo kwa sababu alianza shule kwa bibi yake Kenya, cha S6 kina Ojambo, kitambulisho cha taifa kina jina la tatu la ubatizo lisilo kwenye cheti chochote. Chuo kitauliza, hawa ni watu wangapi? Kurekebisha kunahitaji hati ya kiapo au ya kubadili jina, na muda, na nauli. Usiku wa leo mkifika nyumbani, tandazeni vyeti vyote mezani mlinganishe herufi kwa herufi. Mtoto wa Kidato cha Sita bado ana wakati.

Jambo la ithibati sitalirefusha. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ndilo linalosajili vyuo na kozi. Mwaka 2023 ulizuka mjadala mkubwa kwa sababu kozi nyingi, hata za vyuo vyenye majina, zilikuwa zimepitisha muda wa ithibati zao. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake ikawa haijakaa sawa. Orodha iko kwenye tovuti ya NCHE. Mtoto atafute jina la kozi, siyo jina la chuo tu. Na msisahau kiwango cha chini cha kuingilia digrii: prinsipo mbili, yaani kufaulu masomo makubwa mawili, katika mtihani wa kikao kimoja, pamoja na cheti cha S4. Mwenye prinsipo moja na sabsidiari mbili ana njia ya diploma, na kutoka diploma kuna njia ya digrii. Wapo mainjinia waliopita njia hiyo na mikono yao inajua kazi kuliko ya wenzao.

Nimefika kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu. Kwa nini kila mtoto wa Busia lazima aende Makerere? Naiheshimu Makerere, nimesoma pale, ilianza 1922 na haina haja ya mimi kuitetea. Lakini nawaona wazazi wanaolipa hosteli ya Kikoni, jirani na chuo, kwa shida, kwa kozi ambayo mtoto hakuitaka, ili tu waseme kanisani kwamba yuko Makerere. Na hapa wilayani kwetu kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanza 2007. Taksi inakufikisha. Watu wanapita mbele yake wakienda Kampala kutafuta chuo kikuu! Kampasi yake ya pale inafundisha uhandisi: wa mitambo ya kilimo, wa maji, wa kompyuta, wa nguo, wa madini. Kwenye kampasi zake nyingine, Nagongera wanasoma ualimu na sayansi, Mbale udaktari na uuguzi, Arapai kilimo.

Hilo la madini nilirudie. Mnawaona vijana wetu kule Tiira wakiingia mashimoni kutafuta dhahabu, na zebaki wanaishika kwa mikono mitupu. Mwendo mfupi kutoka hapo wanafundisha uhandisi wa madini. Ni wangapi kati ya hawa walioko mlangoni waliwahi kuiandika kozi hiyo? Nyoosheni mikono. Mmoja. Asante, mwanangu, kaa chini.

Na kuna wazazi waliosikia kwamba tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii analipwa milioni 4 kwa mwezi na serikali, sasa wanamsukuma kila mtoto kwenye sayansi, hata yule ambaye maabara inamkimbiza. Mtoto mwenye D mbili za kulazimishwa hatashindana na mwenye A mbili za historia na lugha. Kiswahili hiki tunachokizungumza bure hapa mpakani, mtaala mpya ulioanza 2020 umekifanya cha lazima S1 na S2, na walimu wake hawatoshi. Watoto wetu wanakicheka kama kozi. Wa Kampala wanakuja kukijifunza kwa shida, kisha wataletwa kuwafundisha wajukuu wenu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mama mmoja aliyekaa mstari wa tatu alinyoosha mkono. Anauza mukene, yaani dagaa wa ziwani, anaununua Majanji na kuuvusha mpaka. Alisimama akasema, "Mwalimu, hayo yote mazuri. Mimi kusoma sijui. Nitashika daftari gani?"

Ukumbi ulinyamaza. Nilimwambia hivi: mama, muombe mwanao akusomee karatasi ya ada kwa sauti, neno kwa neno, akigeuza kwa Kiswahili. Akifika mahali akasema "hapa ni mambo ya chuo tu, mama," msimamishe hapo hapo. Mahali asipoweza kukueleza ndipo asipoelewa. Alikaa bila kusema neno, nikadhani sikumridhisha.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, nilimkuta amebaki na mwanawe mbele ya ubao. Kijana alikuwa na karatasi ya ada ya chuo anachokitaka, aliyoichapisha wiki iliyopita, na alikuwa anasoma kwa aibu, sauti ya chini. Ada ya masomo, kwa muhula. Mama akaitikia, ehe. Usajili. Ehe. Akafika kwenye fanksheno, akataja kiasi na kuruka mstari. Mama akamshika mkono. "Hapo umeruka nini?"

Kijana akarudi. "Imeandikwa, kwa mwaka."

Mama akageukia ubao, akatazama ile jumla yangu. "Mwalimu, wewe umeizidisha mara nane."

"Ndiyo, mihula minane."

"Kama chuo chenyewe kinatoza kwa mwaka, ni mara nne." Macho yake yalikuwa juu, midomo inacheza kidogo, kama anavyofanya akihesabu magunia. "Umeniongezea milioni moja na laki sita."

Nikatafuta dasta.